Mordor na Númenor Ziko na Neno Moja Ndani! Cheki Vile Tolkien Alipika Lugha za Elves

Kama umecheki muvi za The Lord of the Rings, Mordor unaijua: kwa Sauron, moto na majivu, hakuna mtu huenda huko kwa hiari. Na kama ulifuata The Rings of Power ya 2022, Númenor pia unaijua, kile kisiwa cha wadosi. Sasa skiza hii: -dor ya Mordor na -nor ya Númenor zilitoka kwa neno moja, lenye linamaanisha nchi.

Hio si bahati, buda. J.R.R. Tolkien, mzaliwa wa Bloemfontein, Afrika Kusini, 1892, alikuwa profesa pale Oxford. Lugha zake alianza kuzibuni karibu 1915, miaka mingi kabla The Lord of the Rings ianze kutoka 1954. Mwenyewe alisema stori ndio zilikuja kufuata lugha. Alianza na lugha moja ya kitambo ya Elves, akaigawanya: wenye walivuka bahari wakaishia na Quenya, wenye walibaki nyuma wakapata Sindarin.

Neno la kitambo la nchi lilianza na nd-. Quenya ikatupa d, ikabaki na nórë. Sindarin ikatupa n, ikabaki na dor. Na ng- haikuhepa: Elf mwenye Quenya inamwita Noldo, Sindarin inamwita Golodh. Sheria ikishaingia haina kujuana, inapitia kila neno lenye liko na hio sauti.

Unadhani ni mambo ya vitabu tu? Chukua neno mtu. Mkikuyu anasema mũndũ, Mbukusu omundu, Mzulu umuntu. Kizulu kimeshikilia nt ya kitambo, Kikuyu na Kibukusu zikageuza t kuwa d, Kiswahili kikatupa n kabisa. Tolkien alikuwa anaiga vile lugha za ukweli hufanya.

Kuunganisha maneno ndio rahisi. Mor ni nyeusi, kwa hivyo Mordor ni nchi nyeusi. Gond ni jiwe, Gondor ikawa nchi ya mawe. Kwa Quenya jiwe ni ondo, juu huko g ya mwanzo ilianguka. (Sheng pia ina zake: kata neno, bandika o, chapati inakuwa chapo.)

Lakini beef ndio tamu. Ndani ya Quenya, th ilianza kugeuka s. Mwezi ulikuwa Ithil, ukawa Isil. Sindarin ikabaki na Ithil. Sasa kulikuwa na mama anaitwa Míriel, jina la pili Therindë, fundi wa sindano, na alitaka litamkwe na th yake. Akafa. Bwanake Finwë akaoa Indis, naye Indis akafuata wenye walikuwa wanasema s. Fëanor, mtoi wa Míriel, akachukulia hio s kama matusi kwa mamake, na akafunza wanawe washikilie th. Familia nzima imegawanyika juu ya sauti moja! Kama ushawahi chekwa class juu ya kushrub r na l, Fëanor unamwelewa kabisa.

Unataka kubuni yako, ya gemu ama komiki? Andika maneno ya kitambo kwanza, chagua sheria chache, uyapitishe yote bila huruma. Halafu chunga ni gani inatangulia, hapo ndio wengi huanguka. Jaribu na kanda. Sheria ya kwanza: a ya mwisho inaanguka. Ya pili: nd ikiwa mwisho wa neno inageuka n. Ukifuata hivyo, kanda inakuwa kand, halafu kan. Sasa geuza. Ile ya nd ikianza haipati kitu, juu a bado imeifunika, halafu a inaanguka na unabaki na kand. Hapo ushapata vijiji viwili, na kila kimoja kinasema kile kingine ndio kinashrub.