Orodha ya Wapiga Kelele: Nidhamu na Malezi katika Shule za Ukonga

Mwalimu akitoka darasani, kiranja husimama mbele na karatasi kuandika wapiga kelele. Rafiki yake husalimika. Aliyegombana naye wakati wa mapumziko huandikwa hata akiwa kimya. Mwalimu akirudi, majina husomwa na fimbo hufuata. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua utaratibu huu. Makala haya yanadai kwamba karatasi hiyo hufundisha kwa nguvu kuliko somo lililoko ubaoni: huwazoesha watoto kuchongeana na kuogopana.

Watoto huiga wanachokiona. Mwaka 1961, mwanasaikolojia Albert Bandura alionyesha kuwa watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere walimwiga. Na kwetu ukatili wa kuigwa haukosekani: utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2011 ulibaini kuwa karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliowatendea.

Walimu wa Ukonga, Dar es Salaam, watauliza, na wana haki: darasa lililofurika utalitulizaje? Tangu sera ya elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016, shule za pembezoni mwa jiji zimeelemewa, na kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 kimebaki kwenye nyaraka. Lakini wingi huo ndio sababu ya kuwashirikisha watoto. Mwalimu mmoja hawezi kuwalea wote peke yake; wao kwa wao wanaweza kuleana.

Tafiti mbili zinasaidia hapa. Katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, walimu walipitia mafunzo ya wiki kumi ya kudhibiti hasira na kuendesha darasa bila fimbo. Watafiti hawakupata ushahidi kuwa kipigo kilipungua. Huko Luwero, Uganda, mpango wa shirika la Raising Voices uliwagusa walimu, uongozi, wazazi na wanafunzi wenyewe kwa miezi 18. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa wanafunzi waliofanyiwa ukatili wa kimwili na watumishi wa shule katika wiki moja walikuwa asilimia 31, dhidi ya 49 katika shule zisizo na mpango. Mazingira ya kambi ni magumu mno, hivyo ulinganisho una mipaka. Hata hivyo naona tofauti kubwa ni kwamba Luwero haikumwachia mwalimu mzigo wote.

Hatuanzii sifuri. Mradi wa TUSEME, ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, uliwapa wasichana wa sekondari jukwaa la sanaa ili wataje matatizo yao na kuyatafutia ufumbuzi. Shule ya msingi inaweza kuanza na nusu saa kila Ijumaa: darasa lijadili kanuni walizojitungia, aliyekosa asikilizwe, aliyeumizwa aseme anataka nini.

Kanuni za viboko za mwaka 2002 bado zinaruhusu bakora kwa masharti. Hakuna kanuni inayomlazimisha mwalimu kuitumia. Walimu wakuu wa Ukonga, ondoeni orodha ya kiranja muhula huu.