El Salvador: Jinsi ukomo wa urais ulivyoondolewa

El Salvador ndiyo nchi ndogo kuliko zote katika Amerika ya Kati, na ina wakazi wapatao milioni 6. Ni jamhuri yenye rais mtendaji, ambaye ni mkuu wa nchi na mkuu wa serikali kwa pamoja. Waziri mkuu hakuna. Bunge lake ni la chumba kimoja. Bunge hilo ndilo linalowachagua majaji wa Mahakama ya Juu kwa theluthi mbili za kura, na pia Mwanasheria Mkuu, ambaye huko ndiye anayesimamia mashtaka ya jinai. Kwa hiyo chama chenye theluthi mbili za viti kina uwezo mkubwa mno.

Katiba inayotumika ni ya mwaka 1983. Iliandikwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, katika nchi iliyokuwa imetawaliwa na wanajeshi kwa karibu nusu karne, na walioiandika walichelea mtu mmoja kung'ang'ania madaraka. Muhula wa rais ulikuwa miaka 5, bila kuruhusiwa kugombea mfululizo. Kifungu cha 88 kilitamka kwamba kupokezana urais ni lazima, na kwamba sharti hilo likivunjwa wananchi wanawajibika kuasi. Ni nadra kukuta maneno makali kiasi hicho katika katiba. Tena, kuirekebisha kulihitaji mabunge mawili: la kwanza lipitishe, uchaguzi ufanyike, kisha jipya liidhinishe. Hapo katikati mpiga kura alipata nafasi ya kutoa kauli yake.

Mkataba wa amani wa 1992 ulifuatiwa na miongo ya utawala wa vyama viwili, ARENA na FMLN. Nayib Bukele alivishinda vyote viwili mwaka 2019. Mwaka 2021 chama chake, Nuevas Ideas, kilipata viti 56 kati ya 84, na siku ya kwanza ya Bunge jipya, Mei 1, majaji watano wa kitengo cha katiba pamoja na Mwanasheria Mkuu waliondolewa. Septemba mwaka huo majaji wapya waliamua kwamba rais anaweza kugombea tena.

Machi 2022 ilitangazwa hali ya hatari dhidi ya magenge, na imekuwa ikirefushwa kila mwezi. Watu zaidi ya 80,000 wamekamatwa, na mashirika ya haki za binadamu yanasema wasio na hatia wamo. Hata hivyo mauaji yamepungua sana, na mitaa iliyokuwa mikononi mwa magenge inapitika. Asiyelizingatia hilo hataelewa kwa nini Bukele alipata takriban asilimia 85 ya kura Februari 2024.

Kabla ya uchaguzi huo viti vya Bunge vilipunguzwa hadi 60, na manispaa kutoka 262 hadi 44. Januari 2025 Bunge liliondoa sharti la mabunge mawili. Julai 31, kwa kura 57 dhidi ya 3, likaruhusu rais kuchaguliwa tena bila kikomo, likarefusha muhula hadi miaka 6, likafuta duru ya pili na kusogeza uchaguzi wa rais kutoka 2029 hadi 2027.

Robo tatu ya wabunge sasa inatosha kurekebisha Katiba ndani ya Bunge moja, yaani kura 45. Nuevas Ideas ina viti 54.