Tundu la moto (ganda la risasi)

Tundu la moto ni kitobo kitakoni mwa ganda la risasi kinachopitisha mwali wa fataki hadi kwenye baruti. Maganda ya mfumo wa Boxer, uliobuniwa Uingereza miaka ya 1860, huwa na tundu moja katikati, kwa kawaida la milimita 2 hivi; ya Berdan huwa na mawili madogo, ndiyo maana kuyajaza upya ni kazi ngumu. Tofauti inayoonekana haba ina uzito wake: tundu likipanuka kutoka milimita 2 hadi 2.1, eneo lake huongezeka kwa asilimia 10. Wapo wanaodai tundu dogo ndilo bora, wakitaja maganda ya aina ya PPC ya walenga shabaha, yenye tundu la milimita 1.5. Hoja hiyo haitoshi, kwani maganda hayo ni mafupi na manene, na fataki yake ni ndogo. Ubora wa maganda hayo hauwezi kuelezwa kwa tundu pekee. Cha maana zaidi ni matundu ya fungu zima kulingana, na usawa huo hutoka hasa kiwandani. Nchini Kenya, kwa wakazi wa Kitale na Bungoma, kiwanda cha risasi kilicho karibu ni cha Kenya Ordnance Factories, Eldoret. Kutengeneza risasi kwa biashara bila kusajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114.