Ilimu ya Saratani Adimu Ilivyoifikia Garissa

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dakta Hugh Trowell alimwita mwenziwe Denis Burkitt, mpasuaji wa asili ya Ireland aliyekuwa na jicho moja tu la kuonea, amtazame mtoto aliyevimba taya. Naye, baada ya kuwaona wengine wa namna ile, akang'amua kuwa yale yaliyodhaniwa kuwa maradhi mbalimbali yalikuwa saratani moja. Mwaka uliofuata akaichapisha habari hiyo, kisha akafanya jambo ambalo kwa rai yangu lina fadhila kuliko hata safari yake mashuhuri ya maili 10,000 ya kuifuatilia saratani hiyo: alipeleka kwa posta nyaraka zenye picha, zaidi ya 1,000, kwa matabibu wa serikali na wa misheni barani Afrika, akiwauliza kama wamepata kuuona uvimbe ule. Majibu aliyatia alama katika ramani, na ramani ikadhihirisha kwamba uvimbe hufuata nchi za joto na mvua nyingi, ukaepuka milima mirefu na nchi kame.

Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, ni nchi kame. Ingawa mto Tana unapita kandoni mwake, nyika iendayo Wajir na Mandera hupata mvua haba, kwa hivyo saratani hiyo ni nadra huko, na tabibu aweza kumaliza utumishi wake asiione. Naye asiyeiona ataijuaje siku itakapomjia? Juu ya hayo, serikali ya kikoloni ilikuwa imelifunga jimbo lile lenye Garissa, Wajir na Mandera tangu mwaka 1926, asiingie wala asitoke mtu ila kwa ruhusa, na shule na hospitali zikachelewa.

Mwaka ule ule wa 1957 mpasuaji Michael Wood na wenziwe wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliasisi huduma ya madaktari warukao kwa ndege, ambayo baadaye ilieneza simu za upepo, hata mganga wa kituo cha mbali akaweza kumuuliza bingwa wa Nairobi. Lakini sauti haionyeshi uvimbe! Picha ilingoja simu za mkononi, na nyaya za intaneti za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009. Leo bingwa aweza kuitazama picha, akafundisha papo hapo, na Garissa, kama Nakuru na Mombasa, imepata kituo chake cha saratani cha kanda.

Hata hivyo mafunzo hayo ya intaneti aghalabu hutolewa kwa Kiingereza, ilhali mama mfugaji anasema Kisomali. Kumfundisha tabibu na kumwacha mzazi ni kazi nusu, kwani mzazi ndiye auonaye uvimbe kwanza, na uvimbe huo waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, japokuwa husalimu amri kwa dawa ukiwahiwa. Basi, ewe msomaji, ukimwona mtoto amevimba taya na meno yanalegea, mpeleke hospitali siku ile ile, na uwaombe wauguzi wampelekee bingwa picha yake.