Thumni ya Minazi

Tuseme mzee mmoja wa Kisiwa Panza, huko Pemba, amefariki na kuacha minazi 24. Nyuma yake wamebaki mke, mama yake mzazi na mtoto mmoja wa kiume. Kila mmoja atapata mingapi?

Visiwani mwetu swali hili lina umri mkubwa kuliko skuli ya serikali. Lilisomwa chuoni, yaani kwenye chuo cha Qur'ani, juu ya mkeka, na walioendelea na faraidhi, elimu ya mirathi. Mafungu yanatoka katika Surat An-Nisaa: mke aliyeachiwa mtoto ana thumni, mama ana sudusi, na kinachosalia ni cha mtoto wa kiume. Thumni ya 24 ni minazi mitatu, sudusi ni minne, na kijana anachukua 17. Aliyeweza kulitatua swali hilo alikuwa ameshatafuta kigawe kidogo cha shirika cha 6 na 8, ingawa hakuna aliyemtajia KDS.

Na hili si jambo la kisiwa kimoja. Huko Baghdad, katika karne ya 9, Al-Khwarizmi aliandika kitabu kilichoipa aljebra jina lake, na sehemu yake kubwa ya mwisho ni masuala ya wasia na mirathi. Mwanafunzi wa sekondari anayehangaika kutafuta x anatembea njia iliyopita katika mashamba ya marehemu.

Skuli za serikali zilianza Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Sayyid Ali bin Hamud. Hesabu za wakati ule zilikuwa ngumu kwelikweli, kwa sababu vipimo vyenyewe havikwenda kwa makumi. Pishi moja ni vibaba vinne. Frasila ni karibu kilo 16. Rupia ilikuwa na anna 16, na kila anna pesa nne, hivyo rupia nzima ni pesa 64. Kisha mwaka 1936 rupia ikaondolewa, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Piga hesabu uone: anna moja ikawa senti tisa na thumni tatu za senti. Muuza samaki na mteja wake walilazimika kuelewana juu ya hilo papo hapo, sokoni.

Neno lenyewe thumni likabaki na maana mbili. Chuoni ni sehemu moja ya nane, dukani ilikuwa senti 50, nusu ya shilingi, kwa sababu kabla ya hapo ilikuwa thumni ya reale, sarafu ya zamani. Mtoto aliyetumwa dukani baada ya darsa alibeba maana zote mbili kichwani, na naamini zilimnoa.

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo. Hapo hesabu za darasani zikawa za kila mtoto, hata wa visiwa vidogo. Vitabu vya Kiswahili vilileta kiasi na asili, moja ya nane na moja ya sita. Thumni na sudusi zikabaki chuoni. Hapo nasikitika, maana mtoto yuleyule alisoma sehemu asubuhi na mafungu jioni bila mtu kumwambia kuwa ni kitu kimoja.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ikaongeza lugha ya tatu juu ya hizo mbili, ya chuoni na ya darasani: kuanzia darasa la tano, hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza. Mtoto wa miaka kumi hivi, ambaye ndiyo kwanza anazielewa sehemu, akatakiwa aziendee upya kwa maneno asiyoyasikia nyumbani wala bandarini. Ugumu aliouona mwalimu hapo mara nyingi haukuwa wa kugawanya, ulikuwa wa kusoma swali.

Na maswali ya kisiwa hayajesha. Maji ya chumvi yanaingia mashambani Kisiwa Panza. Bahari ikichukua minazi mitatu ya marehemu, inabaki 21, na 21 haigawiki kwa nane wala kwa sita. Haki ya mjane ni minazi miwili na thumni tano za wa tatu, ya mama ni mitatu na nusu. Mnazi haupasuliwi. Warithi wataukadiria thamani, na hesabu itarudi kwenye shilingi.