Andranik Eskandarian: beki wa Iran aliyekumbukwa kwa bao moja la kujifunga

Córdoba, Argentina, tarehe 7 mwezi wa sita 1978. Kombe la Dunia. Ni dakika ya 43, mapumziko yako karibu, Iran na Uskoti hazijafungana. Mpira unaingia ndani ya eneo la hatari la Iran. Mshambuliaji wa Uskoti anaufuata, kipa Nasser Hejazi anatoka golini kwake, na beki Andranik Eskandarian naye anaukimbilia mpira uleule. Kipa na beki hawaelewani. Eskandarian anaupiga ili kuondoa hatari, na mpira unaingia wavuni. Wavu wa timu yake.

Hata leo, mtu akitafuta jina la Eskandarian katika vitabu vya Kombe la Dunia, atalikuta kwenye mabao ya Uskoti.

Wakongomani wanaijua hali hii vizuri kuliko watu wengi. Miaka 4 kabla, mwaka 1974 huko Ujerumani ya Magharibi, beki wa Leopards ya Zaire, Mwepu Ilunga, alitoka kwenye ukuta wakati Brazili wanajiandaa kupiga faulo, akaupiga mpira mbali kabla Wabrazili hawajaupiga. Dunia ilicheka, na bado inacheka kila picha ile inaporudishwa kwenye televisheni. Wachache walisubiri kusikia maelezo yake. Baadaye Mwepu mwenyewe alisema kwamba baada ya kufungwa 9-0 na Yugoslavia, watu wa Mobutu waliwatisha: wakifungwa na Brazili zaidi ya mabao matatu, wasirudi nyumbani. Mechi iliisha 3-0. Huyo mtu alikuwa bingwa wa Afrika, alishinda vikombe na Englebert ya Lubumbashi, ile ambayo leo ni Mazembe, lakini dunia ilichukua sekunde chache tu za maisha yake ikazifanya maisha yote.

Na Uskoti ileile ndiyo iliyowafunga Leopards 2-0 huko Dortmund katika mechi yao ya kwanza. Joe Jordan, aliyefunga bao moja siku ile, alikuwepo pia Córdoba mbele ya Eskandarian.

Tuangalie basi maisha ya beki huyu wa Iran kwa urefu wake.

Alizaliwa Tehran tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 1951. Jina lake linaonyesha asili yake: ni Muarmenia. Waarmenia ni Wakristo, wana lugha yao na maandishi yao, na wako ndani ya Iran tangu zamani. Wengi wao hawakuja kwa kupenda. Mwaka 1604 na 1605, Shah Abbas akiwa vitani na Waturuki wa Osmani, aliwahamisha kwa nguvu watu wa mji wa Julfa, kando ya mto Aras, pamoja na maelfu ya wengine. Mji uliachwa tupu ili adui asikute kitu. Wengi walikufa njiani. Waliobaki walipewa sehemu ya kujenga kando ya Isfahan, nao wakauita mtaa wao Julfa Mpya. Familia zilizokimbia Sake au Rutshuru na kuacha hata sufuria jikoni zitaelewa kwa nini watu huchukua jina la kijiji chao na kulipeleka mahali wanapofikia.

Huko Tehran Waarmenia walikuwa na klabu yao, Ararat, iliyoanzishwa mwaka 1944 na kupewa jina la mlima wanaouheshimu kuliko yote, mlima ambao leo uko ndani ya Uturuki. Eskandarian alianzia hapo. Kisha akaenda Taj, moja ya klabu mbili kubwa za Tehran. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa jina hilo: taj ni taji, kofia ya mfalme. Ilikuwa klabu iliyokuwa karibu na utawala wa Shah, na jina lilisema wazi. Akiwa na Taj, ilichukua ubingwa wa ligi ya taifa katika msimu wa 1974-75.

Hakuwa mtu mrefu. Alikuwa beki wa kumfuata mshambuliaji kila anapoenda, wa kumnyima nafasi ya kugeuka na kumchosha. Beki wa aina hiyo akifanya kazi yake vizuri dakika 90, gazeti la kesho yake halimtaji. Akikosea mara moja, anaandikwa.

Kufika Argentina peke yake kulikuwa kazi. Wakati ule Asia na Oceania kwa pamoja zilipewa nafasi moja tu katika Kombe la Dunia, kama Afrika ilivyokuwa na nafasi moja. Iran ya kocha Heshmat Mohajerani ndiyo iliyoichukua, na ilikuwa mara ya kwanza katika historia yake. Mechi ya kwanza wakafungwa 3-0 na Uholanzi, mabao yote ya Rob Rensenbrink. Ya pili ndiyo hii ya Uskoti.

Na mechi hii haikuisha dakika ya 43, ingawa wengi huisimulia hivyo. Kipindi cha pili Iran walirudi bila kuinamisha kichwa. Dakika ya 60, Iraj Danaeifard aliingia kutoka pembeni, akapiga, kipa wa Uskoti Alan Rough akashindwa. 1-1. Waskoti, ambao kocha wao Ally MacLeod aliwajaza matumaini makubwa kabla ya safari, walizomewa na mashabiki wao wenyewe. Kwa Iran hiyo ilikuwa pointi ya kwanza kabisa katika Kombe la Dunia. Mchezaji aliyejifunga na kurudi kusimama imara nyuma kwa kipindi kizima kilichobaki ana sehemu yake katika pointi hiyo. Lakini vitabu vya matokeo havina mahali pa kuandika jambo kama hilo.

Mechi ya tatu Peru waliwafunga 4-1, na Iran wakarudi nyumbani. Nyumbani penyewe palikuwa panaanza kuwaka moto.

Mwaka huo wa 1978 ulijaa maandamano. Tarehe 16 mwezi wa kwanza 1979 Shah aliondoka Iran na hakurudi tena. Tarehe 1 mwezi wa pili Ayatollah Khomeini aliingia Tehran. Ligi ya mpira ilikatika katikati ya msimu. Uwanja mkubwa wa taifa, Aryamehr, uliokuwa umebeba cheo cha Shah, ukaitwa Azadi, maana yake uhuru. Klabu ya Taj nayo isingeweza kubaki na jina la kofia ya mfalme aliyekimbia. Ikawa Esteghlal, kujitawala. Wakongomani waliolala Kongo wakaamka Zaire, na baadaye wakalala Zaire wakaamka Kongo tena, wanajua inavyokuwa.

Msimu wa 1979 Eskandarian alikuwa tayari amevaa jezi ya New York Cosmos, huko Marekani. Hapa lazima tuwe wa kweli: hakuondoka kama mkimbizi. Hakulala chini ya hema wala kusimama kwenye foleni ya unga. Aliondoka na mkataba wa mpira, kwenda katika timu iliyokuwa tajiri kuliko karibu zote duniani, timu ambayo Pelé alimalizia mpira wake mwaka 1977. Lakini mlango aliotokea ulibadilishwa kufuli nyuma yake. Klabu aliyoiacha haikuwa na jina lile tena, uwanja vilevile, na bendera ya nchi ikabadilishwa pia.

Ndani ya Cosmos alikuta Franz Beckenbauer, Carlos Alberto na Giorgio Chinaglia. Alikuta pia Waholanzi Johan Neeskens na Wim Rijsbergen, ambao mwaka uliopita walikuwa katika kikosi cha Uholanzi kilichokutana na Iran. Wamarekani walishindwa kutamka jina lake lote, wakamwita Eski. Na Danaeifard, yule aliyesawazisha Córdoba, naye alivuka bahari akacheza Tulsa, katika ligi hiyohiyo.

Tarehe 4 mwezi wa kumi na moja 1979, wanafunzi waliomfuata Khomeini walivamia ubalozi wa Marekani mjini Tehran. Wamarekani 52 walishikiliwa siku 444. Mwezi wa nne 1980 Rais Jimmy Carter alikata uhusiano na Iran na kufuta viza za Wairani. Kila jioni televisheni za Marekani zilihesabu siku. Katika nchi hiyo, katika miezi hiyo, beki mwenye pasipoti ya Iran alikuwa akiingia uwanjani mbele ya maelfu ya watu huko New Jersey. Aliendelea kucheza, na Cosmos wakaendelea kumpanga.

Jumapili tarehe 21 mwezi wa tisa 1980, Cosmos walicheza fainali ya ligi mjini Washington, mji uleule wa rais aliyekata uhusiano, wakawafunga Fort Lauderdale 3-0 na kuwa mabingwa. Kesho yake, Jumatatu tarehe 22, ndege za Iraki zilipiga mabomu viwanja vya ndege vya Iran, pamoja na ule wa Mehrabad ulioko Tehran, mji aliozaliwa. Jeshi la Saddam Hussein likavuka mpaka. Miji ya Khorramshahr na Abadan ikamiminika barabarani, watu na vifurushi vyao. Vita hivyo vilidumu miaka 8.

Cosmos walichukua ubingwa tena mwaka 1982. Kisha fedha zikaisha, watu wakapungua uwanjani, na ligi ikafa baada ya msimu wa 1984. Nyota wengi walirudi kwao, Ujerumani, Brazili, Italia. Eskandarian alibaki. Pamoja na Hubert Birkenmeier, kipa Mjerumani waliyecheza naye Cosmos, aliendesha duka la vifaa vya michezo huko Hackensack, New Jersey: viatu, mipira, soksi, jezi za watoto wa shule.

Mwaka 1998 mpira ulipanga mambo yake wenyewe. Iran, iliyorudi Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu Argentina, iliwekwa kundi moja na Marekani. Tarehe 21 mwezi wa sita, mjini Lyon, Ufaransa, Iran ikashinda 2-1. Pointi ya kwanza ya Iran katika Kombe la Dunia Eskandarian aliitolea jasho. Ushindi wa kwanza ulipatikana dhidi ya nchi ambamo watoto wake walizaliwa.

Mmoja wa watoto hao ni Alecko, aliyezaliwa New Jersey mwaka 1982. Yeye hakuwa beki. Alikuwa mshambuliaji, na mwaka 2003 D.C. United walimchagua wa kwanza kati ya vijana wote walioingia ligi mpya ya Marekani. Majeraha ya kichwa yalikuja kumfupishia mpira wake mapema. Lakini kabla ya hayo alipata siku yake, tarehe 14 mwezi wa kumi na moja 2004, fainali dhidi ya Kansas City huko California. Kansas walitangulia. Alecko akasawazisha, akaongeza la pili, na mwishoni akatajwa mchezaji bora wa mechi. D.C. United walishinda 3-2. Bao lao la tatu, lile lililowapa kikombe, halikufungwa na mtu wao. Alex Zotincă, Mromania wa Kansas City, ndiye aliyeutia mpira katika wavu wa timu yake.