Kura milioni mbili zilizopotosha

Jarida la Literary Digest la Marekani lilikuwa limejijengea jina. Tangu mwaka 1916 lilikuwa likiendesha kura ya maoni kwa njia ya posta, na mara tano mfululizo lilimtaja mshindi wa urais kabla ya uchaguzi. Mwaka 1936, Franklin Roosevelt alipotetea kiti chake dhidi ya Alf Landon, gavana wa Kansas, jarida hilo lilifanya kufuru: lilituma kadi milioni 10. Zilirudi zaidi ya milioni mbili, na zikampa Landon takriban asilimia 57.

Novemba ilipofika, Roosevelt alipata karibu asilimia 61 na kuzoa majimbo 46 kati ya 48. Landon aliambulia Maine na Vermont. Hata Kansas kwao walimtosa.

Hakuna aliyechakachua kitu. Kasoro ilikuwa kwenye sampuli, yaani wale wanaoulizwa kwa niaba ya kundi zima. Majina yalichotwa zaidi kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, tena katikati ya mdororo mkuu wa uchumi. Wenye nacho hao hawakumuunga mkono Roosevelt kwa wingi kama maskini. Wanatakwimu huliita kosa hili upendeleo, na ubaya wake ni kwamba haliponi kwa kuongeza idadi. Sampuli iliyoteuliwa vizuri, kadiri inavyokua, ndivyo makosa ya bahati yanavyopungua. Iliyopinda hubaki imepinda, hata ukiuliza mamilioni.

Vitabu vingi huishia kwenye simu na magari. Naona vinasahau nusu nzito ya kisa: zaidi ya robo tatu ya kadi hazikurudi kabisa. Uchambuzi uliofanywa miaka mingi baadaye ulionyesha kuwa waliorudisha walielemea kwa Landon kuliko walionyamaza. Mwenye hasira na serikali hakosi muda wa kwenda posta.

Wakati huohuo George Gallup, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi ya kupima maoni, aliuliza watu wapatao 50,000 tu, akihakikisha matajiri na maskini, wa mjini na wa shamba, wote wamo. Aliyaahidi magazeti yaliyonunua matokeo yake kwamba akikosea atayarudishia fedha. Alimpa Roosevelt karibu asilimia 56. Alipungukiwa, lakini mshindi alimpata. Literary Digest lilifungwa mwaka 1938.

Gallup naye zamu yake ilifika. Mwaka 1948 alitangaza kuwa katika uchaguzi wa urais Thomas Dewey atamshinda Harry Truman, Truman akashinda. Wahoji wa Gallup walikuwa wakipewa mafungu ya kujaza, wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, kisha wakajichagulia wenyewe wa kuongea nao. Baada ya fedheha hiyo, wapima maoni wakaanza kuyaacha mafungu na kuhamia kwenye uteuzi wa nasibu, ambao haumwachii mhoji nafasi ya kuchagua.